Wageni wa Maji ya Chumvi

Tanki lenyewe la samaki sasa liko stoo, limejaa mbegu za mahindi za shamba la shule. Juzi nilitumwa kuchota mbegu, nikaona upande mmoja wa kioo bado una mstari mweupe wa chumvi, pale maji yalipokuwa yakiishia. Nilisimama kuutazama mpaka kiranja wa shamba akaja kuniuliza kama nimeamua kupanda humo humo. Sikumjibu. Kwa kawaida sijibu. Alipoondoka nililowesha kidole kwa mate, nikakipitisha kwenye ule mstari, nikaonja. Bado ni chumvi. Ndiyo maana nimekaa kuandika habari hii kabla sijamaliza kidato cha nne, maana baada ya hapo sijui nitapelekwa wapi.

Wakati ule nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa kijana aliyekulia Tanga mjini, na kilichomkera ni kutufundisha viumbe wa baharini kwa kuchora ubaoni. Darasani tulikuwamo Wazigua wa Handeni kama mimi, Washambaa walioteremka mlimani na masweta yao, na watoto wa kambi za mkonge za Ngombezi. Tanga si mbali na Korogwe, ilipo shule yetu, treni inafika, lakini alipouliza nani amewahi kuiona bahari, mikono iliyonyooshwa ilikuwa ya kuhesabika. Mwalimu akafunga kitabu.

"Basi bahari itakuja," alisema.

Tukacheka. Tulidhani ni maneno ya mwalimu kijana.

Fundi seremala wa mjini alimtengenezea tanki kwa vioo vya madirisha na fremu ya mvule, akaziba maungio kwa pati, ule udongo wa mafuta wa kubandikia vioo. Mara ya kwanza lilivuja, maji yakapita chini ya mlango wa maabara mpaka kwenye maua ya Mkuu wa shule. Mara ya pili likashika. Maji ya bahari yaliletwa na lori la shamba la mkonge. Lori hilo lilikuwa likipeleka marobota bandarini na kurudi tupu, na dereva wake alikuwa baba wa mwenzetu mmoja, kwa hiyo alikubali kujaza madumu ya plastiki huko na kutuletea. Aliyashusha mbele ya maabara huku akitikisa kichwa.

"Nimebeba mkonge, nimebeba saruji, nimebeba mpaka maiti," alisema. "Leo nimebebeshwa maji. Na hata hayanyweki."

Samaki walikuja safari ya pili, ndani ya ndoo iliyofunikwa gunia bichi. Walikuwa wadogo, wale wa kuvuliwa kwenye vidimbwi vinavyobaki maji yakipwa. Wanne walikuwa na mistari kama punda milia. Wa tano alikuwa wa manjano, na Mwalimu alisema kwao Tanga anaitwa kitatange. Ukimtazama kwa ubavu alikuwa mpana kama kiganja cha mtoto. Akigeuka kukutazama, anabaki ukingo tu, kama karatasi iliyosimamishwa. Mimi nilimpenda huyo tangu siku ile. Nadhani ni kwa sababu alijua kupotea hali bado yupo.

Umeme wa shule ulikuwa wa jenereta, wa saa chache za jioni. Kwa hiyo Mwalimu alitafuta tyubu ya tairi la lori, akaiunganisha na mpira mwembamba wa dripu aliopewa zahanati, akaubana kwa kibanio cha nguo ili hewa itoke kidogo kidogo chini ya tanki. Tyubu ikinywea, tunaijaza kwa pampu ya baiskeli. Ilikuwa zamu ya darasa zima. Wavulana waliiita zamu ya mapafu.

Mkuu wa shule alikuja kukagua, mikono nyuma.

"Mwalimu," alisema, "kuku wetu wanatupa mayai. Nguruwe wale wa kule chini watatupa nyama kwa wasiokatazwa. Hawa watatupa nini?"

"Watatupa elimu, Mkuu."

"Ya kujitegemea?"

"Hewa wanasukumiwa na wanafunzi wenyewe, Mkuu. Hakuna aliyeajiriwa."

Mkuu alicheka kwa pua. Akasema wakifika Siku ya Wazazi wakiwa hai, tanki litabaki maabara na yeye mwenyewe atawaonyesha wageni. Wakifa, fundi achukue vioo vyake.

Hapo ndipo mimi nilipoingia, maana nilikuwa nimeshamwandikia Bibi.

Bibi ndiye aliyenilea, huko Mazingara. Alikuwa hajawahi kuja Siku ya Wazazi hata mara moja. Kila mwaka alikuwa na sababu: mara magoti, mara mtama unaliwa na ndege, mara wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa na nyumba haijakandikwa. Mimi nilijua sababu ni moja, kwamba anaona aibu kukaa kwenye viti vya shule na watu wa suti. Lakini safari hii nilimwandikia kwamba tuna maji ya bahari na samaki wake, wengine wadogo kama kidole changu cha mwisho, na kwamba samaki hao wamesafiri kutoka mbali kuliko yeye. Kijana wa elimu ya watu wazima akamsomea. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa kijana huyo huyo: Bibi anasema atakuja kuwaona wageni hao, wamsubiri.

Wamsubiri. Nililisoma neno hilo mara nyingi. Nilitaka kitu kimoja tu muhula ule, samaki wawe hai Bibi akifika.

Mwalimu alinichagua mimi niwe wa kuwalisha. Alisema mbele ya darasa kwamba amenichagua kwa sababu sisemi, na samaki hawataki kelele. Watu walicheka, mimi nikatazama viatu vyangu. Rafiki yangu wa kitanda cha juu, msichana wa Magoma mwenye mdomo usiopoa, alinigonga kiwiko.

"Bubu kapewa wenzake," alisema.

Chakula chao kilikuwa uduvi, ule mkavu unaouzwa sokoni kwa kibaba. Nilifundishwa kuuosha kwanza utoke vumbi, kuuponda, kisha kuchukua ule unaokaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho, basi. Niliona ni uchoyo. Mwalimu akanieleza kwamba tanki jipya ni kama tumbo la mtoto aliyezaliwa juzi. Bado halijajua kusaga. Kinachobaki bila kuliwa kinaoza, na maji yanawageukia wenyewe. "Wakionekana wana njaa," alisema, "ujue wapo salama."

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi hapa shuleni. Asubuhi kabla ya paredi nilikwenda maabara peke yangu. Jua liliingia kwa dirisha la upande wa reli, likapita ndani ya maji, likachora mawimbi ukutani juu ya chati ya mifupa. Nilidondosha uduvi, wale wa mistari wakaurukia kama kuku. Kitatange alikuja nyuma yao, akaokota kilichozama. Nilizoea kuwasalimia kwa sauti. Hakuna mtu mwingine pale shuleni niliyemsalimia bila kwanza kupanga maneno.

Kisha utando ukaja.

Nilidhani ni vumbi. Juu ya maji palikuwa na kitu kama ngozi, mfano wa ile inayofunga juu ya uji ukipoa, ila nyembamba zaidi. Ukiinama kuangalia kwa upande, uliona rangi za mafuta ya taa kwenye dimbwi. Viputo vya hewa vilipopanda havikupasuka mara moja. Vilikaa juu vimekusanyika, kama povu la sufuria. Samaki nao walikuwa wamepanda juu, vinywa vyao vinafunguka na kufungika chini kabisa ya ile ngozi.

Mwalimu aliona ni pati ya fundi inayotoa mafuta. Tukaondoa maji kidogo kwa kata, tukaongeza ya akiba yaliyobaki kwenye madumu. Baada ya siku mbili utando ukarudi, mzito kuliko mwanzo. Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Mmoja wa wale wa mistari alikuwa amelala ubavu chini, na wenzake wanampitia juu kama hawamjui. Nilimtoa kwa kijiko cha maabara. Nilimzika kwenye maua ya Mkuu, yale yaliyomwagiwa maji siku tanki lilipovuja. Nasema kweli, nililia, na nikaona aibu kumlilia samaki wakati nyumbani tunawakaanga.

Mchana wa siku hiyo nilikaa karibu na tanki kunakili maelezo ya somo. Kalamu ilikuwa inavuja, nikawa na karatasi ya kukaushia wino mkononi. Nilipoinuka kuchungulia samaki, karatasi ikaniponyoka, ikalala bapa juu ya maji. Niliiinua haraka kwa pembe mbili. Ilikuwa imelowa, lakini si kwa maji tu. Iling'aa kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Na pale ilipokuwa imelala, maji yalikuwa wazi kabisa, yanang'aa meusi, kipande cha mraba kama dirisha. Viputo vilivyofika pale vilipasuka.

Niliinusa ile karatasi. Ilinuka nazi.

Pati hainuki nazi. Niliketi nikafikiri. Sikuwahi kuwapa samaki kitu chenye nazi, na maabara haifungwi mchana. Jioni, tukiwa tunapiga deki bweni, nilimuuliza rafiki yangu wa Magoma.

"Kwani wewe umewahi kuwapa samaki chakula?"

"Mimi?" alisema. "Vipande vya chapati tu. Vile vya Jumapili."

"Kwa nini?"

Akasimamisha tambara. "Kwa nini ni nini? Nimeingia nimewakuta wamekaa. Unaingia kwa mgeni mikono mitupu, unamtazama tu, unatoka? Kwenu Handeni mnafanya hivyo?"

Kwetu Handeni hatufanyi hivyo. Mgeni haulizwi kama ana njaa, maana akiulizwa atasema hapana. Anawekewa tu. Nilianza kuuliza wengine, kila mmoja kwa nafasi yake, na kila mmoja alikuwa amewapa kidogo. Watoto wa Ngombezi waliwapa ugali wa jana. Mvulana mmoja Mshambaa aliwapa kipande cha parachichi, kwa sababu alisikia huko pwani hakuna. Mlinzi aliwapa kashata. Kila mtu aliwapa kidogo tu, na hakuna aliyejua kuhusu mwenzake. Tanki lilikuwa dogo na shule ilikuwa kubwa.

Nilimwambia Mwalimu. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka.

"Wewe ndiye mwenyeji wao," alisema. "Waambie watu waache."

Sijui kama alielewa alichonituma. Mimi nikiitwa darasani kujibu, maneno yananikauka nikiwa bado nainuka. Na wale si wenzangu tu. Wengine walikuwa wakubwa. Utamwambiaje mtu mzima aliyekunja kiganja chake na chakula ndani, "usimpe"? Hata kwa mtoto wa jirani huwezi.

Kwa hiyo niliandika tangazo. Niliandika kwa herufi kubwa, wino mwekundu, nikabandika juu ya kioo: TAFADHALI USIWAPE SAMAKI CHAKULA. Nikaketi nyuma ya kabati la vifaa, nikajifanya nasoma.

Aliyeingia wa kwanza alikuwa mama wa jikoni. Mwaka ule alikuwa anasoma darasa la watu wazima, na alikuwa hapiti mbele ya maandishi bila kusimama kuyasoma. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasoma tangazo lote silabi kwa silabi, mpaka mwisho. Alipomaliza alitabasamu peke yake. Nilifurahi. Kisha akafungua kiganja, akatia machicha ya nazi.

Nilitoka nyuma ya kabati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniona nimesoma? Sijakosea hata moja."

"Hujakosea, mama. Lakini imeandikwa tusiwape chakula."

"Ndiyo, nimesoma. Sijawapa chakula." Alinionyesha kiganja kitupu. "Haya ni machicha. Chakula kiko jikoni, saa saba."

Ni kweli, kwetu chakula ni ugali na mboga yake. Kashata si chakula, chapati ni kifungua kinywa, machicha hata jina la heshima hayana. Nililiondoa tangazo. Asubuhi na jioni nikawa nalaza karatasi ya wino juu ya maji, naiinua, nalaza nyingine. Zikiisha nikawa natumia gazeti la zamani, ingawa gazeti lilichafua maji kidogo kwa wino wake. Utando ukawa unakwenda na kurudi. Samaki wakawa wanashuka na kupanda. Kitatange alianza kupauka mgongoni. Siku za kufikia Siku ya Wazazi zilikuwa zimebaki chache, na hiyo ndiyo siku watakayojaa watu pale, kila mmoja na kiganja chake.

Siku yenyewe nilikuwa maabara tangu alfajiri. Nilikuwa nimelaza karatasi mara tatu na maji yalikuwa safi, unaweza kuona dirisha zima juu yake limepinduka. Wote wanne walikuwa chini. Nilimwomba Mwalimu asimame yeye mlangoni. Alisema anaandaa darubini chumba cha pili, na kwamba sauti yangu inatosha kwa chumba kidogo kama hiki.

Bibi alifika saa tano. Alikuwa amepanda lori mpaka barabara kuu, kisha basi, na kanga zake mpya zilikuwa na vumbi jekundu mpaka kifuani. Watu walikuwa wameshaanza kuingia maabara, wazee wa kijiji cha jirani, mama wa jikoni na wenzake, wazazi wa Ngombezi na watoto mgongoni. Alinitafuta kwa macho, akanipata.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umekonda. Huyu mume wetu hakulishi?" Huo ndio utani wake, tangu nikiwa mdogo, mume wetu ni Babu, ambaye alifariki kabla sijazaliwa.

Alisogea kwenye kioo. Kule kwetu maji yanafuatwa na debe kichwani kabla jua halijachomoza, na wakati wa kiangazi watu wanapanga foleni kwenye kisima mpaka wanagombana. Aliuzunguka upande mmoja wa tanki, akauzunguka wa pili.

"Maji yote haya, na hayanyweki?"

"Hayanyweki, Bibi."

Akachovya ncha ya kidole, akaonja, akakunja uso. "Nani kayatia chumvi?"

"Hakuna. Ndivyo yalivyo huko."

"Yote?"

"Yote."

"Na sisi dukani tunaandikishwa majina kwa chumvi kopo moja," alisema, na watu nyuma yake wakacheka. Kisha akamwona kitatange amegeuka ukingo, akapotea, akarudi. Bibi akatoa sauti ndogo kooni, ile anayoitoa akishika kitambaa kizuri. Nikajua safari yake imelipa.

Ndipo akafungua pindo la kanga.

Ndani yake mlikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Akakifungua taratibu. Vilikuwa vidonge vya muhogo uliopondwa pamoja na karanga, na vilikuwa vidogo mno, kila kimoja kama punje ya mtama. Lazima alikaa navyo mchana mzima, na macho yake yale yasiyoona vizuri. Alivifanya saizi ya kinywa cha samaki wa kidole cha mwisho, kama nilivyomwandikia.

"Nimewaletea," alisema. "Uliandika wametoka mbali."

Karanga zina mafuta kuliko nazi. Nyuma ya Bibi mama wa jikoni alikuwa na kiganja kimefungwa. Mzee mmoja alikuwa na andazi. Niliona wote wanamngoja Bibi, kwa kuwa ndiye mkubwa, aanze. Nilitazama viatu vyangu. Nikafikiria wale wanne wanapanda juu, vinywa wazi, chini ya ile ngozi, na Bibi akirudi Mazingara akiwa na habari kwamba wageni walikufa baada ya kula chakula chake. Kumnyang'anya siwezi. Kumwambia hapana mbele za watu siwezi. Nikafanya ninachofanya mtu mzima akinipa kitu, mikono ikajinyoosha yenyewe, yote miwili, na goti likapinda.

"Nawapokelea mimi, Bibi," nilisema.

Akaniwekea jani viganjani. Nikachukua kidonge kimoja, nikala. Nikachukua cha pili.

"Unakula wewe?" aliuliza Bibi.

"Ndiyo Bibi. Mimi ndiye mwenyeji wao." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa inatoka, na nilishangaa kuisikia inaendelea. "Tumbo lao bado changa. Wakilishwa na kila mtu, mafuta yanapanda juu ya maji yanafunga, wanakosa pumzi. Mwenzao mmoja ameshakufa hivyo. Wanakula kidogo sana, kutoka kwangu. Kinacholetwa na watu nakipokea mimi, nakula mimi."

Bibi alinitazama nikitafuna. Nilidhani amekasirika. Kisha akageukia watu, akasema kwa sauti ya kisimani, "Si mmesikia? Huyu ananyonyesha. Anakula mama, mtoto anashiba. Nani hapa alimtia kichanga ugali mdomoni?"

"Hakuna," alisema mama wa jikoni, wa kwanza kabisa, na akaangalia kiganja chake.

"Basi mpeni mama yao."

Mzee wa andazi akanipa andazi. Mama wa jikoni akanipa machicha, nikayala, na si mazuri. Watu wa Ngombezi wakanipa ndizi, kisha muwa, kisha yai la kuchemsha. Kila mmoja aliniwekea mkononi, akatazama samaki, akawaambia karibuni, akapita. Rafiki yangu wa Magoma alisimama mlangoni akaanza kutangaza kwa wanaoingia, "Samaki wanaonwa huku, chakula kwa mama samaki huku." Mkuu wa shule alipofika na wageni wake wa suti, alikuta nimeshika jani la mgomba kwa mkono mmoja na yai kwa mwingine, mdomo umejaa, na Bibi amekaa kwenye stuli ya Mwalimu kama mwenye nyumba.

"Huyu ndiye yule asiyesema?" aliuliza Mkuu.

"Anakula," alisema Bibi. "Akimeza atasema."

Nilimeza, nikasema. Nilieleza tyubu, uduvi, ukucha wa kidole cha mwisho, karatasi ya wino. Nililaza moja juu ya maji waone, ikatoka imelowa maji matupu, haina mng'ao wowote. Jioni tumbo liliniuma vibaya, nikalala chali kitandani huku rafiki yangu ananiita mama samaki, jina ambalo mpaka leo halijatoka. Asubuhi iliyofuata nilikwenda maabara kabla ya paredi. Juu ya maji hapakuwa na kitu. Viputo vilipanda vikapasuka, kimoja kimoja. Wote wanne walikuwa chini na walionekana wana njaa.

Tanki lilikaa maabara muda wote mpaka Mwalimu alipohamishwa, mwishoni mwa mwaka. Hakutaka kuwaacha bila mtu wa kuwaletea maji mapya, kwa hiyo alirudi nao Tanga kwa lori lile lile, kwenye ndoo ile ile, akawamwaga walikotoka. Dereva alipopita tena alinitafuta, akaniambia kwamba yule wa manjano aligeuka ukingo mara moja tu, hakuonekana tena.

Likizo iliyopita nilikuwa Mazingara. Bibi alinipakulia ugali na mlenda, nikala, na nilipotaka kunawa alinizuia. Alinisogezea kijisahani kingine kilichofunikwa. Ndani mlikuwa na vidonge vya muhogo na karanga, vidogo kama punje za mtama.

"Hivi vya wale," alisema.

"Bibi, nilikwambia walisharudi kwao."

"Nimesikia. Na huko kwao nani anawapa?"

Nilinyoosha mikono yote miwili, nikapokea.